Mnakaa na Aya Gani Wiki Hii?



Ndugu wasomaji, mhariri wa jarida letu alitutaka tuandike machache juu ya kuhitimisha Qur'ani katika mwezi wa Ramadhani, nasi tukakubali kwa moyo mkunjufu, tukidhani kazi yenyewe ni nyepesi. Tulikusudia kueleza jinsi juzuu 30 zinavyogawika katika siku 30, na jinsi watu wa nyumba moja wanavyoweza kupokezana. Lakini kila tulipokamata kalamu tuliona kuwa lipo jambo linalotangulia hilo, na kwamba hatutakuwa wakweli kwenu tukiliruka. Jambo lenyewe tulizinduliwa na jirani yetu, naye si Muislamu. Wazee wetu walisema, Mgala muuwe na haki umpe. Sisi hapa hatuna wa kumuuwa, ila haki ya mtu tunawiwa, na kurasa hizi ndipo mahali pa kuilipa.

Jirani huyu tumepakana naye ukuta kwa ukuta kwa miaka 14 sasa. Ni bibi wa Kiingereza, mjane, ametupita umri kwa miaka ishirini na zaidi. Ni Mkristo wa madhehebu ya Methodisti, yale yaliyotokana na mahubiri ya John Wesley katika karne ya 18. Si mtu wa maneno mengi. Mama watoto alipofanyiwa operesheni, bibi huyu alibisha mlango akiwa na sufuria ya supu ya mboga tupu, akasema hakutia nyama kwa sababu hakujua ni nyama ipi tunayokula na hakutaka kutuingiza katika shaka. Tangu siku ile sufuria zimekuwa zikivuka baina ya nyumba mbili hizi, na kama ilivyo ada yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Siku moja, majira ya machipuko, alituita tumtazamie bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Tulipokuwa tumeinama na spana mkononi, tukaona juu ya bomba, palipo na vigae, karatasi ndogo iliyobandikwa kwa selotepu, ina mistari miwili ya mwandiko wa mkono, wino umeanza kutawanyika kwa matone ya maji. Tukadhani ni orodha ya vitu vya kununua dukani. Kumbe ni aya ya Biblia.

Tulimuuliza kwa nini ameibandika mahali pa kuoshea vyombo badala ya kuitia katika fremu ukumbini. Akatueleza kwa ufupi. Katika ujana wake alikuwa akiisoma Biblia nzima kwa mwaka, sura kwa sura, na kila mwisho wa mwaka akijiona amefanya jambo. Alipofiwa na mumewe, macho yakakataa. Akisoma ukurasa, anafika chini bila ya kujua alichokisoma juu. Ndipo rafiki yake mmoja wa kanisani alipomshauri aache kuukimbiza ukurasa, achukue aya moja tu na kukaa nayo wiki nzima. Basi kila Jumatatu anainakili aya moja kwa mkono wake. Anaosha vyombo nayo, anamenya viazi nayo, anangojea basi nayo. Jumapili huibandua na kuitia katika mkebe wa biskuti. Alitufungulia mkebe huo tukauona. Ulikuwa umejaa hadi kifuniko kinakataa kushika.

Akasema mfano wake ni Bibi Maryamu. Katika Injili ya Luka, mlango wa pili, imetajwa mara mbili kuwa mama huyo aliyaweka moyoni mambo aliyoyasikia na kuyaona juu ya mwanawe, na akawa anayageuza-geuza na kuyatafakari. Kwa fahamu ya bibi huyu, maana yake ni kwamba hata Maryamu hakuelewa kila kitu papo hapo. Aliyatunza kwanza, maana zikamfungukia baadaye.

Hapo tuliona fahari kidogo. Tukamwambia kuwa Bibi Maryamu ana heshima kubwa kwetu, kwamba ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, na kwamba Sura ya 19, yenye aya 98, imeitwa kwa jina lake. Alifurahi kweli kusikia hayo. Akakaa kimya kidogo, kisha akatuuliza swali jepesi kama anayemuuliza mtu habari za asubuhi: "Na ninyi, Mwalimu, mnakaa na aya gani wiki hii?"

Ndugu wasomaji, tumefundisha kwa miaka 31. Tumesoma chuoni Unguja, tukasoma skuli, tukasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tumeulizwa maswali na wanafunzi wakorofi wa kila namna, na hatukumbuki kuwa tuliwahi kukosa la kusema. Siku ile tulikosa. Tulibabaika tukajibu kuwa sisi tunasoma sana, hasa Ramadhani. Akaitikia kwa adabu, nasi tukaimaliza kazi ya bomba na kurudi nyumbani. Njiani, hatua chache tu zile, tulikuwa na hasira. Tulijiambia moyoni: yeye ni nani hata atuulize sisi habari za kitabu cha Mungu?

Hasira ile ilipopoa, ilitupeleka maktaba ya mji, kwa kuwa mwalimu hata akistaafu haachi kuchungulia. Tulitaka kujua jambo hili la bibi limetoka wapi. Tukakuta kuwa ni la kale sana. Zaburi ya kwanza kabisa katika Biblia inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Mungu usiku na mchana, ikimfananisha na mti uliopandwa kando ya maji. Neno la Kiebrania lililotumika hapo halina maana ya kuwaza kimyakimya, bali ni kunong'ona, kujisemesha kwa sauti ya chini. Neno hilohilo limetumika katika kitabu cha nabii Isaya kwa ngurumo ya simba aliyeshika windo lake asitake kuliachia. Zaburi ya 119 nayo ina aya 176, na takriban zote zinazungumzia jambo moja tu, kulipenda na kulishika neno la Mungu.

Watawa wa Kikristo wa zama za kati walikuwa na mfano mwingine uliotuchekesha, kisha ukatuchoma. Walisema anayetafakari maandiko ni kama mnyama anayecheua, ambaye hula haraka malishoni, kisha hutulia kivulini akakirudisha chakula kinywani na kukitafuna upya hadi kitoe utamu wake. Mmoja wao, Guigo wa Pili wa karne ya 12, aliandika risala aliyoifananisha na ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele ya Mungu. Kwake yeye, kusoma ni kukitia chakula kinywani na kutafakari ni kukitafuna.

Sote tuliokulia shamba tumemwona ng'ombe akicheua chini ya mwembe. Tulijiuliza, je, sisi tumekula malisho mangapi bila ya kucheua?

Tuseme kweli juu ya malezi yetu, bila ya kuyadharau. Sisi tulianza chuo mwishoni mwa miaka ya 1960. Tulikaa juu ya majamvi, tukaanza na alifu kwa kijiti, tukatikisa vichwa kwa pamoja kama minazi ya pwani, na bakora ya mwalimu ikawa karibu. Tulipohitimu mara ya kwanza palipikwa biriani, na marehemu mama yetu alilia kwa furaha. Hatutamruhusu mtu atuambie kuwa kazi ile ilikuwa bure. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila herufi ya Qur'ani ina thawabu kumi kwa mwenye kuisoma. Na yale tuliyoyahifadhi utotoni ndiyo yaliyotushika mkono tulipofika nchi hii ya baridi bila ya kumjua mtu. Usiku wa kwanza katika chumba cha kupanga hatukuwa na mkeka wala picha ya nyumbani, lakini tulikuwa na Suratul Ikhlas.

Hata hivyo, mwalimu wetu alitupa ufunguo na sisi tukaishia kuusugua ufunguo uwe unang'ara, mlango hatukuufungua. Wala hatuna udhuru wa lugha. Sheikh Abdulla Saleh Farsy (Mwenyezi Mungu amrehemu), mtoto wa Unguja, alitufanyia tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, nayo ilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Nakala yetu tumeibeba kutoka nyumbani ikiwa imefungwa katika kanga ya mama watoto. Ilipofika hapa tuliiweka juu ya kabati refu, mahali pa heshima, na ikabaki hapo kwa heshima. Tulikuwa tukiipangusa vumbi kila Ramadhani.

Sasa tuje kwenye siku iliyotubadilisha, nayo si ya kujivunia.

Ilikuwa majira ya kupukutika majani, miezi michache baada ya lile swali. Jumamosi asubuhi jirani yetu alikuja mlangoni kutuomba ngazi. Mfereji wa paani kwake ulikuwa umeziba kwa majani na maji yanamwagikia ukutani, na mpwa wake alikuwa amekuja kumsaidia. Ngazi tunayo, ndefu, nzuri. Lakini mwaka uliotangulia tuliiazima kwa mtu mwingine ikarudi na kidato kilichovunjika, na tukaweka nadhiri moyoni kuwa haitatoka tena. Basi tukamwambia, kwa tabasamu, kuwa tunasikitika, ngazi imekwisha azimwa na bado haijarejeshwa. Ngazi ilikuwa katika kibanda cha nyuma. Mjukuu wetu wa miaka tisa, ambaye hukaa nasi mwisho wa wiki, alikuwa amesimama nyuma yetu anakunywa maziwa.

Jioni, baada ya Magharibi, mjukuu alileta juzuu yake tumsikilize. Huko madrasa wanahifadhi kuanzia Suratun Nas wakipanda juu, na alikuwa amefika Suratul Maa'un, Sura ya 107, yenye aya saba. Aliisoma vizuri mno, kila herufi ilitoka mahali pake. Tukamsifu. Kisha akauliza, kwa ule mchanganyiko wake wa Kiswahili na Kiingereza: "Babu, maa'un ndiyo nini?"

Sura hii tumeisoma tangu tuna umri kama wake. Ni fupi, na kwa kuwa ni fupi tumeisoma katika maelfu ya rakaa. Tulipanda juu ya kiti, tukaiteremsha tafsiri kutoka kabatini, tukaketi naye tukaisoma tangu mwanzo. Tukamweleza kuwa sura inamtaja mtu anayeikanusha dini, na alama zake ni kumsukuma yatima na kutohimiza maskini kulishwa. Kisha inawaonya vikali watu wanaosali huku nyoyo zao zimeghafilika na Sala zao, wanaofanya ili waonekane, na ambao wanazuia maa'un. Wako wanavyuoni waliosema kuwa maa'un ni zaka. Na imepokewa kutoka kwa sahaba Abdalla bin Masud kuwa zama za Mtume (S.A.W.) wao walikuwa wakihesabu kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu. Ni vitu vya matumizi ya nyumba, tukamwambia mtoto, vile ambavyo jirani humwomba jirani, akavitumia kisha akavirudisha: chungu, ndoo, shoka.

Mtoto akafikiri kidogo. "Na ngazi?"

"Na ngazi," tukajibu.

Hakusema zaidi. Alifunga juzuu yake akaibusu kama alivyofundishwa, akaenda zake kulala. Sisi tulibaki pale kitini. Ilipofika Isha tulisimama kusali, na tulipomaliza Alhamdu katika rakaa ya kwanza, ulimi kwa mazoea ukaanza sura ileile. Tulifika nusu yake tukashindwa kuendelea. Miaka yote ile sura hii ilikuwa ikitusemesha sisi, kwa lugha ya wazi, juu ya kibanda chetu cha nyuma, nasi tulikuwa tukiisoma kwa makhraji mazuri.

Jumapili, jirani alipotoka kanisani, tulimpelekea ngazi begani na tukamwambia ukweli wote, kwamba ilikuwepo na kwamba tulisema uwongo. Akatuambia kuwa alijua. Dirisha lake la juu linatazama kibanda chetu, na mlango ulikuwa wazi. Kisha akauliza kama tutakunywa chai kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Tulipanda sisi wenyewe, tukayatoa majani yote, na mpwa wake akaishika ngazi chini. Tuliposhuka tukamwambia: "Lile swali lako la siku ya bomba, leo tuna jibu." Tukamsomea sura kwa Kiarabu, tukamfasiria. Alisikiliza yote, kisha akasema kuwa aya ya mwisho, hata kwake yeye, ingemtosha zaidi ya wiki moja.

Ndugu zangu, tusieleweke vibaya. Hatusemi kuwa dini zote ni mamoja. Sisi na Wakristo tunatofautiana juu ya Nabii Isa (A.S.) katika jambo lililo kubwa kuliko mengine yote, na jirani yetu anajua tunavyoamini kama tunavyojua anavyoamini. Tunachosema ni kwamba mwenzetu alikuwa akilifanya kwa kitabu chake jambo ambalo sisi tumeamrishwa tulifanye kwa chetu, na tumeliacha. Qur'ani yenyewe imesema katika Sura ya 38 kuwa imeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake, na katika Sura ya 47 inawauliza wasioizingatia kama nyoyo zao zimepigwa kufuli.

Wala jambo hili si geni kwa waliotutangulia. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Abdalla bin Umar alikaa miaka minane akijifunza Suratul Baqara. Sura hiyo ina aya 286, na mtoto mwenye bidii anaweza kuihifadhi kwa miezi michache. Bila ya shaka miaka minane ile haikwenda katika kuyakariri maneno tu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha nane cha Ihyaa Ulumid-Din ameeleza kazi za ndani za msomaji wa Qur'ani. Miongoni mwake ni kuuhudhurisha moyo, kuzingatia maana, na kujiona kuwa wewe msomaji ndiwe unayesemeshwa. Laiti tungaliishika hiyo moja tu, tungaliitoa ngazi siku ya Jumamosi.

Na liko jambo ambalo tulilisoma zamani na sasa tumelisoma upya kwa macho mengine. Wamepokea Nasai na Ibn Majah, kutoka kwa Abu Dharri, kuwa usiku mmoja Mtume (S.A.W.) alisimama katika Sala akiirudia aya moja tu mpaka kukapambazuka. Aya yenyewe ni ya 118 ya Suratul Maida. Nayo inahadithia maneno ya Nabii Isa (A.S.) mbele ya Mola wake, anapowaachia waja mikononi mwa Mwenyewe, akiwaadhibu ni waja Wake, na akiwasamehe Yeye ndiye Mwenye nguvu na hekima. Bwana wa Mitume, ambaye Qur'ani iliteremka moyoni mwake, usiku kucha alikaa na aya moja, na aya hiyo ni maneno ya Isa mwana wa Maryamu. Tulipomhadithia jirani habari hii alinyamaza muda mrefu, akatuomba tumwandikie namba ya sura na aya.

Sasa tueleze tunavyofanya nyumbani kwetu, huenda likamfaa mwenye watoto.

Kwanza, kisomo hatukukiacha. Ramadhani tunahitimisha kama kawaida. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kwa hiyo kurasa nne baada ya kila Sala tano zinatosha kwa juzuu moja kwa siku. Tumeongeza, hatukupunguza.

Pili, kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya kula, tunachagua aya moja. Mjukuu anaisoma kwa Kiarabu, kwa kuwa yeye anatushinda sauti. Mama watoto anasoma tafsiri ya Kiswahili. Binti yetu akiwepo anaieleza kwa Kiingereza kwa ajili ya wadogo. Hivyo kila mmoja ana kazi, na Kiswahili nacho kinapata kiti mezani, maana watoto wetu wa huku wanakisikia jikoni tu.

Tatu, tunaiandika katika karatasi na kuibandika ukutani karibu na meza ya kulia. Mahali pa kuoshea vyombo tumepaacha, kwa kuchelea maji na uchafu, maana neno la Mwenyezi Mungu lina adabu zake. Watoto wana msahafu mzima ndani ya simu, nao ni neema. Lakini tumeona kuwa aya iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto humkaa zaidi.

Nne, wiki nzima hatuulizani isipokuwa swali moja: aya hii inataka tufanye nini kabla ya Alhamisi ijayo? Wiki ya aya ya wazazi, mtoto alimpigia simu bibi yake aliyeko Pemba bila ya kuambiwa. Wiki ya aya inayokataza dharau na kuitana majina mabaya, watu wazima ndio tuliopata tabu.

Tano, panapohitaji elimu tunawauliza wenye elimu. Kuzingatia si kujitolea fatwa. Mtu akiona aya inamwagiza jambo zito au inamtia wasiwasi, na aende kwa sheikh.

Wala msidhani tumekuwa mawalii. Ziko wiki karatasi inakaa ukutani mpaka inapauka na hatujafanya lolote. Juzi tu tulikasirikiana na mtu wa maegesho ya magari huku aya ya subira ikiwa haijamaliza siku tatu ukutani. Lakini sasa angalau tunajua ni aya gani tuliyoivunja, na zamani hata hilo hatukulijua.

Jirani yetu siku hizi hatoki sana, miguu imemwishia nguvu. Anaketi dirishani, na tukipita na kapu la sokoni hutuinulia kidole kimoja, maana yake anauliza. Nasi tukirudi tunaingia kwake dakika kumi tukamwambia yetu, naye akatuambia yake. Mkebe wa biskuti umekuwa miwili. Ngazi haikai tena kibandani. Tumeilaza kando ya uzio unaotenganisha nyumba zetu, kila mwenye haja anaichukua.

Basi swali tuliloulizwa jikoni kwa mtu tunalileta kwenu: ninyi mnakaa na aya gani wiki hii? Mwenye jibu amweleze mhariri, ili liwafae wengine katika toleo lijalo. Na asiye na jibu asikasirike kama tulivyokasirika sisi. Ateremshe msahafu kutoka juu ya kabati.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aijaalie Qur'ani kuwa nuru ya vifua vyetu na hoja kwa ajili yetu, wala si hoja juu yetu, awarehemu walimu wetu wa vyuoni waliokwisha tangulia, na awaongoze watoto wetu katika nchi hizi za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ni sisi, mwalimu wenu mstaafu.